Amne, Mgonjwa wa Mazoezi

Dada yangu Amne alikuwa akilipwa kwa kukohoa. Msicheke. Ulipotangazwa ule ugonjwa mpya wa mapafu, wakufunzi walikuja Moshi kuwaandaa matabibu, na baada ya darasa walitaka kujua nani ameelewa. Basi wakawa wanamtuma Amne, fundi cherehani wa Majengo, mzima wa afya, aingie zahanati bila taarifa, akohoe, aseme nyumbani kwake amefikia mgeni mwenye homa kutoka nje ya nchi. Tabibu makini angempa barakoa na kumtenga, kisha angemuuliza habari za huyo mgeni.

Wengi hawakuwa makini, na Amne hakumwonea mtu haya. Kwenye zahanati moja ya Rau, karibu na nyumbani kwetu, tabibu Filemon alimwacha benchi moja na akina mama wenye vichanga, kisha akamwandikia dawa ya mafua bila kuinua macho. Amne aliyasema hayo mbele ya matabibu wote. Filemon akakemewa kama mtoto, na tangu siku hiyo hakutaka hata kumsikia. Hakuwa peke yake. Wauguzi walimwita Mama Kikohozi, na wakikutana naye sokoni wanageuza shingo. Nilimwambia aache, kazi ya kuumbua watu itamponza.

"Wanichukie tu, Rukaiya," alinijibu, "mradi waamke."

Masika yalipoanza, aliugua kweli. Sijui aliupata wapi, lakini hayo mabenchi alikuwa ameyakalia yote. Alipoanza kuhema vibaya nilimpakia kwenye bajaji, nikampeleka kwa Filemon kwa sababu ndiko karibu.

Filemon alituona mlangoni akatabasamu. Lo, siku hiyo alifanya kazi! Alivaa barakoa, akatupatia na sisi, akatuingiza chumba cha peke yake, akafungua madirisha, akauliza maswali yote kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Dokta, leo hajatumwa na mtu," nilimwambia. "Anaumwa."

"Ndivyo mnavyoambiwa mseme."

Amne alinyoosha kidole kwenye mtungi wa oksijeni. Filemon akamwambia muuguzi wake, Salvina, mtungi usiguswe, ni wa wagonjwa. Kisha akatutakia siku njema, akafunga mlango, akarudi kwenye foleni yake.

Niliupiga ule mlango mpaka Salvina akarudi. Yeye ndiye aliyeushika mkono wa dada, akaona kucha zimegeuka bluu, akamwita Filemon kwa ukali ambao sijawahi kumsikia muuguzi akimtolea tabibu. Oksijeni ikaletwa, gari la wagonjwa likaitwa, vyote kwa kuchelewa. Amne alifia hospitalini wiki hiyo hiyo.

Mtaani wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wapuuzi wakubwa. Na Filemon naye akaja msibani, amevaa barakoa, akasimama mbali kidogo na mimi.

"Pole, dada," alisema. "Nilifuata kila nilichofundishwa. Waliokuwa benchi siku ile wote wamepimwa, hakuna aliyeambukizwa."

Alikuwa anangoja nimshukuru, nadhani, au nimsamehe.

"Ni kweli, ulijifunza vizuri," nilimwambia. "Aliyekufundisha tumemzika jana."