Mlio wa Ziara ya Kwanza

Bendi ile ya roki ilikuwa imekuja Isiolo mara nne, na kwa miaka mingi mimi nilijulikana kama mtu pekee katika kundi letu aliyehudhuria zote nne. Ukweli ni kwamba nilihudhuria tatu na nusu, na ile nusu niliitazama kupitia tundu la msumari.

Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Mashabiki wa roki hapa mjini tunahesabika, tena tunachekwa. Ukifungulia gitaa la kelele mtaani Bulla Pesa, jirani anakuja kukuuliza kama redio imeharibika. Kwa hiyo tulipogunduana tulishikana kama kupe. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu aliyetoka upande wa Meru, mwanamume mpole mpaka umtajie ngoma. Wa tatu alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mwenye duka la simu, mzaliwa wa Nyeri, aliyehamia Isiolo kwa kazi ya mumewe na kuishia kuupenda mji kuliko mumewe anavyoupenda. Kila Jumamosi mchana Mwalimu alikuja na daftari, mama wa simu akaja na chapati, mimi nikafunika cherehani kwa kitambaa ikawa meza. Halafu tukaanza kugombana.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu, ziara ipi ilikuwa bora. Ziara hatukuziita kwa miaka. Mama yangu mzazi, ambaye ni mfugaji kijijini Gotu, hajui tarehe niliyozaliwa lakini anakumbuka ni mbuzi gani walikuwa wanazaa wiki ile, na nadhani mimi ndiye niliyewaambukiza wenzangu hesabu hiyo. Ya kwanza ilikuwa Ziara ya Mabati, kwa sababu uwanja ulizungushiwa mabati. Ya pili, ya Jenereta. Ya tatu, ya Vumbi. Ya nne tuliiita ya Kinanda, na hakuna aliyeitetea, maana walikuja na kinanda chenye vitufe vingi na kijana wa kukipiga aliyevaa skafu shingoni katika joto la Isiolo.

Mwalimu aliipenda Ziara ya Jenereta kufa. Jenereta lilizima katikati ya wimbo wa tatu, na mpiga ngoma akaendelea peke yake mpaka mafuta yakaletwa kwa bodaboda. Mwalimu alikuwa ameandika daftarini dakika ambazo ngoma ilipigwa bila umeme, na alizisoma kwa sauti ile ile ambayo mchungaji husomea Zaburi. Mama wa simu hakutaka kusikia. Yeye alikuwa wa Ziara ya Vumbi, siku upepo ulipovamia jukwaa na mwimbaji akajifunga leso mdomoni akaimba hivyo hivyo mpaka mwisho. "Alikuwa anaimba na macho," alisema. Mwalimu akamwambia macho hayana sauti. Chapati zikapoa.

Lakini wote wawili walikubaliana juu ya jambo moja, nalo ndilo lililoniua mimi. Kuna wimbo wao wa polepole ambao katikati yake vyombo vyote hunyamaza kidogo. Katika Ziara ya Mabati, ndani ya ukimya ule, ulitokea mlio. Mlio mrefu, unaopanda na kukatika, mara tatu. Tangu siku hiyo bendi imeuweka mlio huo katika wimbo kila inapoupiga. Ziara ya pili mwimbaji aliutoa kwa koo lake, ya tatu ukapigwa kwa gitaa, ya nne kwa kile kinanda cha laana. Hakuna uliofikia ule wa kwanza. Mama wa simu alikuwa nao kwenye kadi ya simu ya zamani aliyoachiwa na mteja, na kila Jumamosi tuliusikiliza vichwa vikiwa vimegusana.

Mwalimu alishikilia kwamba mtu alikuwa anasugua chupa ya soda kwenye nyuzi za gitaa. Mama wa simu alisema hiyo ni sauti ya mwanamume aliyeachwa. Kisha wote wawili walinigeukia mimi, shahidi.

"Fundi, wewe ulikuwa hapo ndani. Ni nani alilia?"

"Siwezi kueleza," nilijibu kila mara. "Mtu hawezi kueleza kitu kama kile." Nao walitikisa vichwa kwa heshima.

Aliyelia alikuwa mbuzi wa mama yangu.

Ilikuwa hivi. Shangazi yangu wa Bulla Pesa alikuwa amejifungua, na kwetu mwanamke akijifungua hupelekewa mbuzi wa maziwa. Mama akanituma, mimi na miaka yangu kumi na tisa, nimpeleke mbuzi mmoja mwenye sikio lililopasuka, na akanionya mara mbili nimbebe na mtoto wake. Mbuzi anayenyonyesha hatengwi na mtoto, hilo hata mtu mjinga anajua. Ila mimi nilikuwa nimesikia kwamba bendi inapiga siku hiyo hiyo mchana. Nilikuwa nimesuka nywele. Nilikuwa nimepaka fulana yangu rangi nyeusi kwa mikono yangu mwenyewe. Nifike mbele ya watu wa roki nimemkumbatia mwanambuzi kifuani? Nikamwacha mtoto kwa mdogo wangu, nikaondoka na mama yake kwa kamba.

Mlangoni askari aliniangalia, akamwangalia mbuzi, akasema mbuzi haingii. Nikazunguka nyuma ya jukwaa, nikabandika jicho kwenye tundu la msumari, nikaona kiatu kimoja chekundu cha mpiga besi. Niliona kiatu hicho kwa saa mbili na nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Kisha ukaja wimbo wa polepole, ukaja ukimya, na mbuzi akamkumbuka mtoto wake.

Baada ya hapo niliulizwa kama nilikuwa kwenye ziara ile, nikasema ndiyo. Nikiulizwa walivaa nini, nilianzia viatuni. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, lakini nilikuwa nimeulisha miaka yote hiyo na sasa ulikuwa umenenepa.

Basi ikatangazwa kwamba bendi inakuja mara ya tano. Waliwaandikia mashabiki wa kila mji: tutajieni mtu mmoja aliyehudhuria ziara zetu zote kwenu, apande jukwaani achague tupige nyimbo za mwaka gani. Mama wa simu hakutuuliza hata. Aliandika palepale, wakamjibu, akaja dukani kwangu akipunga simu hewani.

"Fundi! Ngai! Unapanda jukwaa!"

Nilipaswa kusema wakati huo. Nilifungua mdomo, na nilichosikia kikitoka ni kelele ya furaha. Tulirukaruka sisi wawili mpaka tukaangusha jora la kitambaa cha sketi. Nililitaka jukwaa lile. Niliangalia mabati kwa saa mbili nikiwa na miaka kumi na tisa, na sasa nilitaka kuona uwanja kutoka upande wa pili. Usiku huo nilijiambia kwamba nusu ukiisogeza kidogo inakuwa moja.

Jumamosi iliyofuata mama yangu akaja mjini kutoka Gotu kunitembelea. Aliwasalimu wenzangu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akaweka fimbo yake magotini na kuanza kula chapati bila kujali mambo yetu. Mwalimu alikuwa anagombana na mama wa simu kama kawaida, safari hii wakibishana nichague mwaka gani nikipanda. Ili kumaliza ubishi, mama wa simu akafungulia ule mlio, sauti ya juu kabisa.

Mama aliacha kutafuna.

"Hiyo ni mbuzi yangu," akasema.

Mwalimu akacheka kwa adabu. "Hapana, shosho, hiyo ni gitaa na chupa."

"Chupa gani? Hiyo ni mbuzi yangu, ile ya sikio imepasuka. Nani ameingiza mbuzi yangu kwa simu?" Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Nilikuwa nimeshika mkasi na sikujua niuweke wapi. Mama akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mlio wa tatu, halafu akanigeukia polepole. "Analilia mtoto. Kwa nini analilia mtoto? Wewe! Si nilikuambia ubebe mtoto yake?"

Mfugaji anajua sauti ya mbuzi wake, na mimi, mtoto wa mfugaji, nilisahau. Niliweza kuwadanganya watu wenye daftari na kadi za simu, lakini sikumfikiria yule aliyemkamua.

Nikasema yote. Nilisema kuhusu nywele, fulana, askari, tundu na kiatu. Nilisema pia lile ambalo hata mama hakulijua, kwamba nilifika kwa shangazi jua likizama, na mbuzi akakataa kuachia maziwa bila mtoto wake, na shangazi, mwenye kichanga cha siku tatu, akanywa strungi, chai kavu isiyo na maziwa, usiku ule na hakunishtaki kwa mtu. Mlio ni wa kuchekesha, lakini aibu ya ile strungi sijawahi kuicheka.

Mwalimu ndiye aliyezungumza kwanza. Alikuwa amefungua daftari. "Kwa hesabu," akasema kwa unyonge, "tatu na nusu bado ni nyingi kuliko tatu."

Mama wa simu hakucheka. "Mimi niliandikia hao watu, nikawaambia huyu amekuwa ndani kila mara. Umenifanya muongo, Fundi." Alikuwa na haki, nikamwomba msamaha. Nikamwambia awaandikie ukweli, na jukwaa niliache.

Hapo mama yangu akamnyooshea simu yake ndogo ya vitufe. "Mama, unaweza niwekea hiyo mbuzi hapa?"

Mama wa simu aliichukua. Mama akaeleza, akimwambia yeye na si mimi, kwamba ule ukame mkubwa ulimaliza zizi lote, yule wa sikio na mtoto wake na watoto wa mtoto wake. Wale alionao sasa ni wengine, alipewa na ndugu zake wa Biliqo, wana sauti nyingine. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mmoja amebaki mahali. Mama wa simu akageuka akafuta macho kwa upande wa leso, kisha akamwekea mlio ule uwe unaita kila anapopigiwa simu. Tangu siku hiyo ukimpigia mama, Gotu nzima inajua.

Mama wa simu aliwaandikia bendi ukweli, na jibu likaja Jumatatu. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni kwangu, bado amenuna kidogo: "Mleteni mwenye mbuzi."

Nilipiga kelele. Nilimkumbatia. Nilifurahi kwa dakika nzima.

"Fundi," akasema, na hapo ndipo tabasamu lake lilipoanza kurudi. "Mwenye mbuzi si wewe."

Siku yenyewe mama alipanda jukwaani saa tisa alasiri, na shanga zake zote shingoni na fimbo mkononi, akisaidiwa na mpiga besi ambaye viatu vyake siku hizi ni vyeupe. Mimi nilikuwa chini, mbele kabisa, katikati ya Mwalimu na mama wa simu, nikiwa nimesuka nywele. Wivu nilikuwa nao, nisidanganye tena. Lakini ulikuwa wivu wa ajabu, unaokufanya upige makofi mpaka viganja viwake.

Mwimbaji akamuuliza achague nyimbo za mwaka gani.

"Mwaka ya ile mbuzi," mama akasema, na mama wa simu, mtu wa Vumbi, akapiga vigelegele.

Wakaupiga ule wimbo wa polepole. Ukimya ulipofika, mwimbaji hakulia wala gitaa halikulia. Alimpa mama maikrofoni, akamwomba awalilie kama mbuzi yule.

"Mimi si mbuzi," mama akasema. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aligeuka akaangalia nyuma ya jukwaa, kule yalikokuwa mabati, akaita. Ni mwito mfupi wa ulimi na koo, anaowaitia mbuzi wa kukamuliwa jioni, na niliutambua kuwa ni wa yule wa sikio, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake. Kicheko kikafa. Mama akangoja, kama anavyongoja mtu aliyeita mbuzi. Akaita tena.

Sikuweza kuvumilia angojee bure. Nikavuta pumzi, nikalia. Nililia mlio mrefu unaopanda na kukatika, mara tatu, mbele ya wateja wangu, mbele ya wazazi wa wanafunzi ninaowashonea, na Mwalimu akaniangushia daftari mguuni.

Mama alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni.

"Umechelewa," akaniambia, na Isiolo nzima ikasikia. "Shangazi yako amekunywa strungi."