Hakika Iliyomwacha Yaya

Yaya yangu, dada aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa na hakika ya wokovu kama watu wengine walivyo na hakika ya jina lao. Kanisani kwao Beni, ikifika saa ya ushuhuda, alisimama bila kuitwa. "Mimi niliokoka, na ninajua fasi nitaenda," alisema, kisha akaketi. Hakupaza sauti. Mimi niliyebaki Butembo, mwenye mashaka tangu utoto, nilimwonea wivu.

Mume wake hakuwa mtu wa ushuhuda. Alilima kakao, alikuwa mpole, na mahubiri yakirefuka alisinzia hadi yaya amfinye. Tukiwa wawili, yaya aliniambia kwamba anamwombea, kwa kuwa hakujua kama imani ya shemeji ilishashuka moyoni au ilikuwa bado kwenye nguo za Jumapili.

Msimu ule kakao ilianza kuozea mtini. Watu waliogopa kwenda mashambani kwa sababu ya waasi waliokuwa wakitoka porini kuua, lakini njaa nayo iliwasukuma. Yaya na shemeji walienda asubuhi pamoja na majirani. Wale watu waliwakuta wakipasua matunda ya kakao, wakawaketisha chini, wakawataka mmoja mmoja amkane Yesu kwa kinywa chake.

Shemeji aliulizwa wa kwanza. Alisema, "Hapana, ile siwezi." Wakamuua pale pale, mbele ya mke wake.

Yaya alipofikiwa, alisema yote waliyotaka aseme.

Walimtwika mizigo yao, wakaingia naye msituni. Baadaye askari wakawafuata, risasi zikalia, na katika vurugu ile yaya akatupa mzigo na kukimbia. Nilipomfuata Beni, nilimkuta ameketi uani kwa jirani, miguu imevimba, akitazama mikono yake. Nilimkumbatia. Hakulia. Aliniambia tu, "Mudogo wangu, bwana yangu alisema hapana. Mimi nilisema ndiyo."

Nikamleta kwangu, katika mtaa wa Vulamba. Butembo kuna baridi kuliko Beni, na asubuhi ukungu ukiwa bado umelala kwenye mikaratusi, yaya alijifunika kitenge hadi kichwani na kukaa karibu na makaa. Alichambua maharagwe, alifagia, aliuza nami sokoni. Mtu asiyemjua angesema amepona. Ila nilisikia namna alivyoomba. Zamani alimwita Mungu Papa, kama mtoto anayemwita baba yake toka chumba kingine. Sasa alisema "Nyamuhanga" tu, jina la Muumba kwa lugha yetu ya Kinande, kwa heshima, kama anayezungumza na baba wa watu.

Jumapili ya Meza ya Bwana, sinia ya mkate ilipofika kwake, aliipokea kwa mikono miwili na kunipitishia bila kula. Vikombe vikaja, akafanya vile vile. Mama mmoja nyuma yetu alikohoa.

Pasta alikuja nyumbani. Alikuwa mtu mwema, sina la kumlaumu. Alimweleza kwamba neema haipimwi kwa nguvu zetu, kwamba hata wanafunzi wa Bwana walikimbia, na mmoja alimkana kando ya moto, naye akapokelewa tena. Yaya alisikiliza hadi mwisho.

"Pasta," akasema, "bwana yangu alikuwa na neema ile ile?"

"Ile ile, mama."

"Sasa kwa sababu gani yake ilimutosha, na yangu hapana?"

Pasta alitazama kikombe chake cha chai. Akasema tuombe.

Wamama wa kanisa wakashauri atubu mbele ya wote, apate amani. Yaya alikubali upesi, hata nikapata tumaini. Alisimama mbele, akaeleza kila kitu, hata maneno yenyewe aliyoyasema kule shambani. Watu walilia. Walimzunguka, wakamwekea mikono, kwaya ikaimba, na mama yule aliyekohoa ndiye aliyemshika kwa muda mrefu kuliko wengine. Njiani kurudi, tukiukwepa utelezi, nilimuuliza anajisikiaje.

"Batu balinihurumia sana," akasema. "Nilifikiri kitu itarudia. Haikurudia."

Nilibishana naye. Nilimwambia kama asingejali, asingeumia hivi, na kuumia kwenyewe ni dalili. Alinijibu kwa upole kwamba zamani yeye mwenyewe aliwaambia wengine maneno hayo, na hakujua kumbe ni mepesi vile.

Kisha ini likaanza kumtesa. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano, na mwishoni tulimlaza hospitalini. Pasta alikuja na kumuuliza swali linaloulizwa wagonjwa wetu wote, kama ana hakika. Yaya alifumba macho. "Uliza mutu mwingine, Pasta."

Siku moja mchana, nikimlisha uji kwa kijiko, alinisukuma mkono.

"Bwana yangu akiniona kule, atageuza uso?"

"Hatageuza."

"Unajua namna gani?"

Nilijua mistari mingi, na yeye aliijua kunishinda. "Sijui, yaya," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu sahihi. Halafu akasema, "Musinilaze karibu naye. Tafadhali."

Alifariki asubuhi moja, nilipokuwa nje kwenye foleni ya maji. Niliporudi na ndoo, walikuwa wameshamfunika.

Ndugu wa Beni walitaka azikwe kwao, kando ya shemeji. Niliwaambia njia ni hatari. Ilikuwa kweli, ndiyo maana hawakubishana, lakini haikuwa sababu yangu. Tukamzika Butembo, kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua. Mhubiri alitangaza kwamba dada yetu amelala katika Bwana, na sasa anamwona uso kwa uso. Watu wote wakasema amina. Mimi kinywa hakikufunguka. Nilifikiri juu ya nyuso mbili, ule wa Bwana na ule wa shemeji, na yaya amesimama kati yao, hajui akaribie wapi.

Bado ninaenda kanisani. Watu hunipa pole na kunihakikishia kwamba nitamwona tena. Ninawashukuru. Lakini nikipiga magoti sijui nianzie wapi, kwa sababu mtu pekee niliyemfahamu aliyekuwa na hakika aliipoteza mbele yangu, na sikuona mahali ilipokwenda ili nimwokotee.