Salamu Niliyompa Mkwe Mbele ya Tume

Nakumbuka siku ile, mwanangu, upepo wa Ufipa ukikata masikio, nami bibi harusi wa juzi tu nimekalia benchi la ofisi ya kijiji, mbele ya Tume ya kuchunguza magendo. Mimi huyu!

Zilikuwa enzi za Ujamaa. Genge la watu lilikuwa likipakia mahindi ya ghala letu kwenye malori na kuyavusha mpaka, huku kijiji kikilala njaa. Tume ilishakuja mara ya kwanza, ikaita watu. Huyu kafiwa, yule anaumwa tumbo, ikaondoka mikono mitupu. Ndipo Bunge likaitungia sheria: ikikuita uende, ikikuuliza useme, ukikaidi ni jela. Na samansi ikaniangukia mimi, niliyekuwa nikipita ghalani alfajiri kuteka maji.

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, mkwe hatajwi."

Nilijua. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe hata nyumba ikiungua. Na aliyekuwa akiwafungulia ghala ni yeye, baba mkwe wangu, nilimwona kwa macho haya haya. Lakini aliyekuwa mahabusu kwa kosa hilo ni mlinzi wa ghala, mzee Kasiani, mtu wa Mungu, na wanawe wakila kwa majirani.

"Ulimwona nani? Mtaje," akasema Mwenyekiti wa Tume. Akanikumbusha jela.

"Mheshimiwa," nikasema, "kumtaja, mila inanikataza. Kumsalimia hainikatazi."

Nikainuka, nikapita katikati ya watu mpaka alipokaa. Nikapiga magoti, nikapiga makofi polepole kama tunavyowasalimu wakwe. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa mazoea. Kisha akainamisha kichwa.

Kasiani aliachiwa, baba mkwe akafungwa. Niliogopa? We! Usiulize. Mama mkwe alininunia mpaka mavuno. Lakini najivunia, tena sana, na anayetaka kunicheka acheke. Ugali wa ulezi nilimpelekea baba gerezani mwenyewe, akaupokea.

Basi sikia, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sheria ikikuita useme, usijifiche nyuma ya ukoo. Mkubwa wako mpigie magoti, ni haki yake, ila usimwache asiye na hatia afungwe kwa kosa lake. Mungu akupe moyo wa kusimama peke yako, na ghala lako alilinde na panya wa miguu miwili.