Gari Lililopiga Magoti

Gari langu lilikuwa linajua kupiga magoti. Ukibonyeza kitufe karibu na breki ya mkono, lilishuka taratibu mpaka mama akaweka mguu ndani bila kushikwa. Ukibonyeza tena, linainuka. Nililinunua kuukuu, limeshachoshwa na wengine, na cha kujivunia lilichobakiwa nacho ni hizo shokapu zake zinazotumia mafuta na pampu badala ya springi. Barabara ya kupanda kwetu Upareni ina mashimo ya kuzamisha mbuzi, lakini ndani ya gari lile ulijiona umekaa kwenye godoro. Nilikuwa namtania mama kwamba analipenda kuliko anavyonipenda mimi, naye hakukanusha.

Kisha akaanguka kwenye shamba lake la tangawizi, akaumia uti wa mgongo. Alipotoka hospitali nikamchukua kwangu, Same mjini. Daktari alisema anaweza kusafiri, ila asitikiswe. Yeye alikuwa na ombi moja tu, arudishwe nyumbani. Same ni jua na vumbi, na mtu aliyekulia kwenye ukungu halizoei joto la kulala chali. Dirisha lake lilitazama milima, lakini ilikuwa migongo ya milima. Kwake ni upande wa pili. Nilimwambia angalau anaiona. Akanijibu kwamba hiyo ni ya watu wengine.

Siku hizo hizo gari likapiga magoti, lisiinuke tena. Chini palikuwa na dimbwi la mafuta.

Fundi alilala chini yake, akatoka anajifuta mikono, akanipa njia mbili. Ama tutafute pampu na mipira yake kwenye magari yaliyokufa huko Dar es Salaam, tufunge, tumwombe Mungu. Ama ang'oe mfumo wote, afunge springi za chuma kama za pikapu. Hizo, alisema, hazitanisumbua mpaka nizeeke. Nikamuuliza zitakuwa ngumu kiasi gani. Akasema litakuwa gari kama magari mengine.

Nilichagua kutengeneza. Naomba hilo likumbukwe. Mama nilimwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Akasema sawa, ila zake atazikuta zimeoza.

Pampu ya kwanza ilifungwa ikavuja. Tukiwa tunasubiri ya pili, mjomba, mdogo wake mama, akapiga simu kutoka mlimani. Kijiji kilikuwa kimeitisha msaragambo. Kwetu msaragambo ukiitishwa hakuna mjadala: kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, kazi ya wote inafanywa na wote. Safari hii walikuwa wametengeneza kipande kibaya cha barabara, kuanzia mwanzo wa mlima mpaka mlangoni kwa mama.

“Barabara ya dada iko tayari,” alisema. “Jumamosi kina mama wanapika makande. Mlete.”

Nikamweleza habari za pampu. Akauliza awaambie nini watu. Utamwambiaje mtu aliyeacha shamba lake akakuchimbia barabara kwamba unasubiri gari lako lilainike? Na mama aliposikia alicheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Wenzako wamemaliza barabara, akasema, wewe gari tu limekushinda. Kicheko kile ndicho kilichonipeleka gereji. Nikamwambia fundi ang'oe.

Jumamosi tulimlaza nyuma juu ya magodoro, mke wangu akamshika. Kule chini, kupita kijiji cha Kisiwani, nilikwenda mwendo wa kinyonga, na mama alikuwa anatutajia mashamba na wenyewe. Tukaanza kupanda. Kwenye kona ya kwanza nikaiona kazi ya msaragambo.

Walikuwa wamejaza mawe. Wangejaza nini kingine? Kwetu barabara mbaya ni ile inayoteleza. Adui yetu ni tope, na dawa ya tope ni mawe. Walikuwa wameyabeba kutoka mtoni na kuyapanga kwa mikono, moja kando ya jingine, kazi safi ya upendo, na lori la tangawizi lisingeteleza pale hata mvua inyeshe mwezi mzima.

Kona ya kwanza mama aliuma kanga yake. Ya pili alilia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku tulipomzika baba. Nikasimamisha gari. Nikambembeleza kwamba si mbali, nitakwenda polepole.

“Geuza,” akasema. Alipopata pumzi akaongeza, “Usije ukawaambia ni mawe.”

Nikamwambia mjomba presha ya mama ilipanda. Makande waliyala wenyewe.

Sasa gari limekuwa hodari, nalichukia. Pampu ya pili ilifika, iko stoo. Mfumo wa zamani ulishakatwakatwa na haurudi. Nalitumia kuteremsha tangawizi za watu, na kila mmoja ananiambia zile springi zilikuwa uamuzi wa busara. Barabara nayo inasifiwa. Masika yamepita na hakuna jiwe lililotoka.

Juzi nikijiandaa kupanda, mama aliniomba nimletee mafiga yake. Ni yale matatu aliyowekewa jikoni alipoolewa, na tangu aanguke mjomba alikuwa akiyawashia moto kila jioni, nyumba isilale baridi. Akasema nimwambie mjomba basi, apumzike. Nilimwambia. Mjomba aliyafukua mwenyewe.

Niliyafunga kwenye gunia, nikayalaza nyuma, pale alipolala mama. Yaligongana njia nzima mpaka tambarare. Yako chini ya dirisha lake sasa, na hakuna anayeyagusa. Kwangu tunapikia gesi.