Siku Nilipouzima Mtambo Juu ya Manga

Nilisimamishwa kazi kwa kosa la kurusha ndege, nami nikiwa rubani. Usicheke. Kampuni yenyewe ilikufa zamani na jina lake sitalitaja, lakini mwanzoni mwa miaka ya sabini ilikuwa na ndege za abiria za injini mbili, na mimi, mtoto wa Manga huko Gusii, nilikuwa rubani msaidizi.

Ndege hizo zilikuwa na mtambo unaoshika usukani badala ya mtu. Unauambia kimo unachotaka, nao unakitunza: ndege ikishuka unainua pua, ikipanda unaiinamisha. Ni kitu kizuri, sitausingizia. Hewa ikitulia ulitupumzisha mikono tukanywa chai yetu kwa raha. Ugomvi wangu ulikuwa na amri iliyokuja pamoja nao. Sisi marubani weusi tuliotoka chuoni juzi tuliamriwa tusiuzime mpaka tukaribie kutua, ilhali Wazungu waliachiwa waamue wenyewe. Mkuu wa marubani alitueleza bila haya kwamba mtambo ulinunuliwa ili abiria wasitegemee mikono yetu. Neno hilo nililimeza, ila halikushuka.

Siku yenyewe tulikuwa tukirudi Nairobi kutoka Entebbe, alasiri, na zamu ya kurusha ilikuwa yangu. Kapteni alikuwa Mzungu mpole, mtu wa kufuata taratibu, aliyekaribia kustaafu. Mbele yetu, juu ya vilima vya kwetu, wingu lilikuwa limesimama. Aliyelelewa Gusii analijua wingu hilo. Asubuhi jua linawaka mpaka unaanika nafaka ya wimbi nje. Alasiri unyevu wa ziwa umeshapanda ukagonga vilima, na mvua ya mawe inachana majani ya migomba. Nilitaka tulizunguke, lakini kulia na kushoto kulikuwa vivyo hivyo, tukaingia.

Upepo ukatubeba juu. Mtambo, mtiifu kwa agizo lake, ukainamisha pua ili ukirudie kimo, na mwendo ukazidi hadi ndege nzima ikatetemeka. Mara upepo ukatuangusha. Mtambo ukainua pua, ukaendelea kuinua, na mwendo ukaanza kufa. Mwendo ukipungua mno, mabawa hayabebi tena, na hapo ndege na watu wake wote wanaanguka. Mtambo haukuwa umeharibika. Ulifanya ulichotumwa, ila haukujua kwamba ndani ya wingu kama lile kimo si kitu cha kupigania. Unasawazisha mabawa, unalinda mwendo, na unaiacha ndege ipande na kushuka kidogo mpaka mtoke.

"Uache mtambo ufanye kazi yake," kapteni akasema.

Nikauzima. Usukani ulinipiga vibaya, nikaushika kwa mikono yote miwili, nikaogopa sana, nikaendelea kuushika. Tulitokea upande wa pili kila mtu akiwa mzima. Kapteni hakunigombeza. Alingoja tutue, akaenda kuniripoti.

Mkuu wa marubani alinionyesha njia ya kurudi kazini: nisimame mbele ya wenzangu, niombe radhi, niseme mtambo ungefanya vizuri kuliko mimi. Nikikataa, basi. Alinipa hadi mwisho wa mwezi nifikirie, nami nikaenda nyumbani Manga.

Habari zilikuwa zimenitangulia. Baba yangu, mzee wa kanisa letu la Kiadventista, alinisomesha kwa pareto aliyoilima kwa jembe, na kutoka Manga hadi Magwagwa hapakuwa na mtu ambaye hajaambiwa kwamba mwanawe anarusha ndege. Alikuja kwangu kesho yake. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao, mama yangu ndiye aliyekuwa akinipikia. Sasa, kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, na haichezewi. Kwa hiyo mzee alisimama uani, akaipa nyumba yangu mgongo, akaanza kuongea na mama aliyekuwa mlangoni, kwa sauti ya kunifikia mimi niliyekuwa ndani.

"Muulize huyo mwanao, kuomba msamaha kunatoa damu?"

Mama akageuka. "Baba yako anauliza..."

"Nimesikia, mama. Mwambie sikukosa."

"Anasema hakukosa."

"Mwambie mkubwa wa kazi huwa hakosi. Anaombwa msamaha, kazi inaendelea. Ama anataka kuja hapa tubanane kwa hii shamba?"

"Mwambie hii si kazi ya kubeba magunia," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda kuliko inavyofaa. "Nikikubali kwamba mtambo unajua kuliko mimi, siku nyingine nitaogopa kuuzima. Watu watakufa nikiwa nimekunja mikono."

"Anasema watu watakufa," mama akasema, kisha akatuchoka. "Nyinyi wawili mna midomo, na mimi niko na sufuria kwa moto."

Hakuifikia sufuria. Mvua ya mawe ilianza kumwagika, mawe makubwa, na mabati yangu yakalia hata hatukusikizana. Nyumba ya baba ilikuwa mbali, chini kwenye mteremko.

"Omogaka, ingia!" mama akapaza sauti, akimwita kwa jina la heshima la mzee.

Hakuingia. Alijibanza ukutani, lakini bati langu halikutokeza vya kutosha, na mawe yakampiga mabegani. Nikachukua karai, nikatoka, nikamfunika kichwa. Changu nikakiacha kipigwe. Tukasimama hivyo, bega kwa bega, karai likipiga kelele juu yake, naye akitazama migomba yake ikichanika. Kisha akainua uso kwenye wingu, akalitazama kwa muda mrefu. Aliponigeukia, hakumtafuta mama wa kumtuma.

"Ulikuwa ndani ya hii?"

"Ndani kabisa, tata," nikasema, nikimwita baba kwa lugha yetu.

"Na watu?"

"Viti vyote vilijaa. Kina mama, watoto."

"Na ukaambiwa utoe mikono."

"Ndiyo."

Akapangusa maji usoni kwa kiganja. "Basi ukienda kuomba huo msamaha," akasema, "usirudi hapa kunisimulia."

Nililia, na nashukuru mvua ilikuwepo.

Mwisho wa mwezi nilisimama mbele ya wenzangu Nairobi. Vijana weusi walikaa nyuma, wakiangalia viatu vyao, na siwalaumu. Kila mmoja alikuwa na watu wanaomtegemea. Nilisema nikikutana tena na wingu lile nitauzima mtambo tena, na kwamba yeyote kati yao atakayeuacha uendelee amepewa mshahara bure. Mkuu wa marubani akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama naelewa ninachopoteza.

Nilielewa. Sikupata tena kurusha ndege ya abiria, na hadi leo nikisikia injini ikipita juu ya Manga moyo unaniuma. Lakini yule bwana aliuliza kana kwamba yeye ndiye aliyeipenda kazi ile. Niliipenda mimi. Ndiyo maana nilishindwa kuuachia mtambo uifanye kwa niaba yangu, watu wakiwa nyuma yangu wamefumba macho.