Nafasi Moja kwenye Gari la Picha za Ubongo

Mdogo wangu alipokwenda Ulaya kusomea picha za ubongo, mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na chama kilikuwa kinakufa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia Mbinga. Waliegesha malori barabarani, wakanunua kahawa mbele ya macho yetu, na sisi makarani tukabaki kufagia ghala tupu. Kidato cha nne nilikimaliza kabla yake. Hesabu za kwanza alizozijua nilimfundisha mimi, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani. Nilidhani ataishia ualimu. Alipitiliza akawa daktari, na udaktari nao haukumtosha.

Alirudi kijijini kwetu Matiri akiwa katikati ya shahada yake ya pili, akaeleza utafiti wake kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wetu wanapokula pamoja na kuamua mambo. Alisema mashine hupiga picha ya kichwa vipande vipande, kama mtu anayekata mkate, bila kisu kugusa ngozi. Alitaka kujua kama kifafa kilichokuwa kingi kwetu kinatokana na minyoo ya nguruwe, maana mayai ya mnyoo huo yakimwingia mtu huweza kufika kwenye ubongo na kujenga vifuko humo. Nguruwe wetu walizurura hadi jikoni. Ili apate jibu alihitaji picha za wagonjwa na za watu wasio wagonjwa, azilinganishe.

Binamu yetu mmoja aliuliza, picha ya kichwa kisicho na uso, mwenyewe utamtambuaje? Watu wakacheka. Mdogo wangu alicheka nao, kisha akajibu kwa Kimatengo kizuri kabisa. Nilikuwa nimetamani awe amekisahau.

Maji ya kunawa yalipoletwa, yalianzia kwake. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa sengu tangu baba afariki, lakini siku hiyo nilifikiwa wa pili. Nilinawa, nikala, na nyama haikuwa na ladha.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na kifafa tangu alipovunja ungo. Mdogo wangu alitueleza kuwa gari alilokodi lilikuwa karibu limejaa watu wa ziwani, wa Mbamba Bay na Liuli, ambao hula samaki zaidi na hawafugi nguruwe kama sisi. Ilibaki nafasi moja ya kwenda Dar es Salaam kwenye mashine hiyo, naye alikuwa amemwekea binti yangu. Mama yake alikuwa ameshamfulia gauni.

"Umesema unahitaji na wasio wagonjwa," nikamwambia.

"Ndiyo, kaka. Hao nimewapata ziwani."

"Wa ziwani hawaishi na nguruwe. Mimi naishi nao na sijaanguka hata mara moja. Kichwa changu hukihitaji?"

Hoja yangu ilikuwa ya kweli, na niliijua kuwa ya kweli, ndiyo maana niliitumia.

"Nakihitaji," akasema. "Lakini mtoto anaumwa, kaka. Wewe ungengoja safari ya pili."

"Hapa mkubwa hutangulia. Au huko ulikosoma mmegeuza, daktari?"

Kwetu, mkubwa akishafunga neno kwenye sengu, mdogo hajibu. Angekuwa mtu wa mji angenibishia. Yeye aliinamisha kichwa, kwa sababu alilelewa vizuri, na mlezi wake mmoja nilikuwa mimi. Binti yangu alikuwa jikoni na alisikia yote. Alilikunja gauni, akalirudisha sandukuni.

Huko hospitalini walinilaza, wakaniambia nisitikisike. Pete kubwa ya mashine ilivuma kuzunguka kichwa changu, nami nikawa nawaza: sasa wataona. Baadaye mdogo wangu aliiinua picha yangu kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwuliza kama akili inaonekana.

"Haionekani, kaka," akasema. "Tunatafuta kitu kisichotakiwa kuwemo. Kichwa chako ni safi."

Sikumwuliza zaidi. Nilifurahi njia nzima hadi Kitai, nilipobadilisha gari. Pale stendi jirani yetu alinisalimu, akanivuta pembeni. Binti yangu alikuwa ameanguka motoni akisonga ugali, na mkono wa kulia ulikuwa umeungua.

Alikwenda safari ya pili mkono ukiwa umefungwa bandeji. Picha yake ilionyesha vifuko, vingine vimeshakuwa vigumu kama mbegu. Mdogo wangu alimtafutia dawa, akamfundisha kuzimeza bila kuruka siku, akatulazimisha tujenge zizi la nguruwe na choo. Kuanguka kukapungua, mpaka mwaka ukapita bila kuanguka. Ila vidole vya mkono ule havikunyooka tena, na kahawa anaichuma kwa mkono wa kushoto.

Hajawahi kunilaumu. Hunipikia, huniamkia kila asubuhi, huniuliza nimelalaje. Lakini baba yake mdogo akipiga simu, hutoka nje na kwenda kuongea karibu na migomba, nami humsikia akicheka kicheko ambacho hajawahi kukicheka akiwa nami. Nabaki kitini nimetega sikio. Nimezeeka, kosa nalijua kuwa ni langu, na bado namwonea mdogo wangu wivu.