Nani Akae Nyuma ya Vijiti

Kwa miaka sita nilikuwa kipa wa timu ya taifa ya kriketi ya wanawake. Majirani zangu wa Gatwekera, huku Kibera, walizoea kuniuliza nimefungwa mabao mangapi, nami nikazoea kueleza. Kipa wa kriketi hana goli. Anachuchumaa nyuma ya vijiti vitatu akiwa amevaa glavu, na kila mpira ambao mpigaji ameukosa ni wake. Ukimpita, wapinzani wanakimbia na kuongeza pointi. Watu waliitikia kwa adabu, na wiki iliyofuata wakaniuliza tena habari za mabao.

Siku moja mazoezini mpira ulidunda vibaya ukanipiga jicho la kushoto. Lilivimba, likapona, nikarudi uwanjani. Miezi mingi baadaye nikaanza kuona ukungu upande huo, kama mtu anayechungulia kupitia karatasi ya nailoni. Sikumwambia yeyote. Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani kwenye kibanda pale Kambi Muru, hapohapo Kibera, na huko ndiko nilikoshindwa kwanza. Rafiki yangu, mrushaji mpira wa timu yetu ambaye tunaishi naye ploti moja, alinikuta nimefumba jicho moja nikijaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mara ya nne au ya tano. Aliichukua sindano mkononi mwangu, akaitunga, akanirudishia. Mimi nikaanza kuongea kuhusu mvua.

Uwanjani nilikuwa nadaka kwa masikio. Kipa aliyezoea hujua mpira unavyolia ukigonga mkeka uliotandikwa katikati ya uwanja, na mguu wa mpigaji humwambia mengine. Upande wa kulia sikuwa na shida. Upande wa kushoto, mpira unapopita nyuma ya miguu ya mpigaji, nilikuwa nabahatisha.

Wakati huohuo alikuwepo kipa mwingine, msichana wa mtaa wa Kawangware, mdogo kwangu kwa miaka minane. Alikuwa mkimya kupita kiasi, lakini mikono yake ilipokea mpira kama mtu anayepokea yai. Timu ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya nje, na nafasi ya kipa ilikuwa moja.

Wateuzi walikuwa watatu: kocha, mama mmoja aliyewahi kuwa nahodha, na mzee aliyekuwa mwamuzi. Jumamosi moja, baada ya mazoezi kule Kawangware, mvua ilitufukuza uwanjani tukaingia kwenye kanisa la mabati lililo karibu. Kocha akasema kwa kuwa wote tupo, wachezaji waseme wanachofikiria kuhusu kipa. Mimi na yule msichana tulikuwa tumekaa benchi moja, katikati yetu kuna nafasi ya mtu mmoja.

Mwanzoni walizungumza kwa heshima. Mmoja akasema mimi napiga vizuri kuliko mwenzangu. Mwingine akasema mikono ndiyo kazi ya kipa, kupiga ni nyongeza. Kisha dada mmoja wa Kibera akasema wazi kwamba watu wa Kawangware wanataka timu iwe yao kwa sababu uwanja uko kwao. Kutoka hapo mambo yakaharibika. Wa Kibera wakaketi na wa Kibera, wa Kawangware wakajibu kwa pamoja, na mvua juu ya mabati ikawalazimu kupaza sauti. Yule msichana aliangalia viatu vyake muda wote. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo walio upande wangu, na nilijua nimeshashinda.

Ndipo yule mzee, mwamuzi wa zamani, akamgeukia rafiki yangu. Akamwambia kwamba yeye ndiye anayerusha mipira mingi kuliko wote, basi aseme angependa kumwona nani pale nyuma.

Rafiki yangu aliinuka. Nilimtazama nikitabasamu, maana sikuwa na wasiwasi.

"Mimi ningependa huyu mdogo," akasema. "Samahani, siz. Ndiyo ukweli wangu."

Nilihisi masikio yakiwaka moto. Mama yule nahodha wa zamani alimwuliza sababu, naye akajibu kwamba hana la kuongeza. Kocha akaamua kwamba Jumamosi inayofuata sote wawili tujaribiwe mbele ya wateuzi, na rafiki yangu ndiye atakayerusha.

Tulirudi Kibera kwa miguu kama kawaida, ila siku hiyo nilitembea mbele. Dada wa Kibera walimsema rafiki yangu njia nzima, kwamba amemuuza mtu wa kwao. Tulipofika Ngong Road wao wakatangulia kuvuka, mimi nikamngoja. Nilimwambia kwamba nilimfundisha kila anachojua, kwamba nilimpa viatu vyangu vya kwanza, kwamba asinisemeshe tena. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika.

Alisikiliza hadi nikamaliza.

"Waliniuliza kwa nini, nikanyamaza," akasema. "Ningewaambia habari ya jicho lako, wangekutoa hapohapo. Sasa wewe unataka nifanye nini? Ningoje mpira ukuue?"

Nilivuka barabara nikamwacha.

Wiki ile tuliishi ploti moja bila salamu. Nikisikia mlango wake unafunguliwa, nangoja apite ndipo nitoke kuchota maji. Majirani waligundua. Mama mmoja aliniuliza kama ni mwanaume ametugombanisha, nikasema ni mpira, hakuniamini. Ninachokumbuka zaidi ni hofu. Jicho sikuliogopa sana wakati huo. Niliogopa kuwa fundi wa nguo tu, mtu ambaye hakuna anayemwuliza chochote, hata habari za mabao.

Jumamosi ilifika, jua kali. Yule msichana alianza. Rafiki yangu alimrushia kila aina ya mpira, kulia, kushoto, ya chini, ya kudunda ghafla, na mpigaji alisimama mbele yake akimziba. Alidaka karibu yote. Miwili ilimponyoka, akaiokota bila kumtazama mtu.

Kisha nikaingia mimi. Nilichuchumaa. Mpira wa kwanza ukaja kulia, nikaudaka. Wa pili kulia. Wa tatu kulia, safi kabisa, mpigaji akatoka nje ya mstari wake, nikaangusha vijiti kabla hajarudi, naye akawa ametolewa. Dada wa Kibera wakapiga makofi. Wa nne, wa tano, wa sita, yote upande wa kulia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimtazama rafiki yangu akirudi kuanza mbio zake, ameinamisha kichwa, anafuta mpira kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mtu aliyesema ukweli mbele ya timu nzima alikuwa sasa ananidanganyia, kwa sababu ya maneno yangu pale barabarani na kwa sababu ya wiki nzima ya kuitwa msaliti. Mpira wa saba ukaja kulia. Niliudaka, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona uwanjani.

Nikasimama. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, lakini nadhani wateuzi walisikia, "Nirushie kushoto."

Akatikisa kichwa.

"Nirushie kushoto. Kama ulivyomrushia mwenzangu."

Alingoja kidogo, kisha akarusha. Mpira ulipita nyuma ya miguu ya mpigaji na kwangu ukatoweka. Niliusikia ukigonga uzio. Wa pili nilinyoosha mikono nilikodhani upo, vidole vikagusa hewa. Wa tatu ulinipiga mfupa wa bega, chini kidogo ya shingo, nikaanguka kwa magoti.

Rafiki yangu alifika wa kwanza. Nilivua glavu nikiwa bado pale chini, nikamwambia yule mzee kwamba jicho langu la kushoto halioni vizuri, na kwamba ni miezi minane sasa. Mzee alichuchumaa akaniangalia usoni kwa muda. Hakunigombeza. Mama nahodha wa zamani ndiye aliyekasirika, akaniuliza kama nilitaka wao wamzike mtu.

Kocha alisoma jina la yule msichana jioni hiyohiyo. Wa Kawangware hawakushangilia.

Kliniki waliniambia ni mtoto wa jicho, ugonjwa uliotokana na lile pigo, na kwamba unaweza kutolewa kwa upasuaji. Rafiki yangu alinisindikiza. Njiani tuliongea kidogo sana, na mambo yaliyosemwa Ngong Road hatujayarudia hadi leo. Nadhani yapo tu.

Mechi ya kwanza niliitazama kwenye simu, nimekaa mlangoni kwangu. Nitasema ukweli: mpira wa kwanza uliokwenda upande wa kushoto, nilitaka umpite yule msichana. Nilitaka hivyo kwa mwili wangu wote. Aliudaka. Nilizima simu nikakaa, kisha nikaiwasha tena.

Waliporudi, yule msichana alikuja Gatwekera peke yake, akiulizia kwangu kwa fundi mmoja hadi mwingine. Alikunywa chai bila kusema neno, hadi nikadhani amekuja kunisalimia tu. Mwishowe akasema kocha amemlalamikia kwamba haongei uwanjani, na kipa asiyeongea anawaacha warushaji wapweke. Akaniuliza mimi nilikuwa nawaambia nini miaka yote ile.

Nilimwambia asimame pale kwenye kikorido, nami nikakaa mbali kidogo, karibu na mfereji. Nikamwambia aniite kwa sauti, anitie moyo, kama mimi ndiye mrushaji na nimechoka. Mara ya kwanza sikumsikia kabisa. Nikamwambia arudie.